Mbio za hisani Mtwara: fulana zipungue, sufuria ziongezeke

Ada ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliifuta, utekelezaji ukaanza Januari 2016, na tangu mwaka wa fedha 2022/23 kidato cha tano na cha sita nao wameingia humo humo. Sasa likisimamishwa bango mjini Mtwara linalosema kimbia umlipie ada mtoto wa kaya maskini, mtu ana haki ya kuuliza: ada ipi hiyo?

Ataambiwa ni namna tu ya kusema, kila mtu anaelewa kuwa makusudio ni kumsaidia mtoto asome. Mimi naona tatizo linaanzia hapo hapo. Kamati isiyojua inalipia nini huishia kununua kinachopendeza kwenye picha, na mambo yanayomtoa mtoto shuleni huku Kusini karibu yote hayapendezi kwenye picha.

Niseme mapema kwamba sipingi mbio hizi. Nakimbia, taratibu na kwa kuhema, na nimeona zinavyowatoa watu vitandani. Baada ya Alphonce Simbu kutwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kumshawishi kijana wa Chikongola aamke saa kumi na moja alfajiri kumekuwa rahisi kidogo. Hamasa ipo na watu wapo. Ninachohoji ni jinsi tunavyochukua mbio za miji mikubwa, pamoja na jukwaa lake na mgeni rasmi wake, tukazileta Mtwara kama zilivyo, halafu tukashangaa mtoto wa Nanyamba bado yuko nyumbani mwezi wa tatu.

Tuanze na kinachomtoa. Serikali ilipofuta ada haikusema imebeba kila kitu. Waraka Namba 3 wa 2016, uliotolewa kufafanua majukumu, uliwaachia wazazi sare, madaftari, kalamu na chakula cha wanafunzi wa kutwa. Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji, ambayo kiwango chake kisera ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Hiyo ni ya chaki, karatasi, mitihani na ukarabati mdogo mdogo. Haipiki kitu.

Ukifika shule ya kata saa saba mchana, huko juu Newala au Tandahimba, utakuta jiko la mafiga nyuma ya darasa, sufuria kubwa ya makande, na mpishi anayelipwa kwa michango ya wazazi. Mwalimu wa zamu ameshika daftari. Mtoto ambaye kwao wameleta mahindi na maharage anapanga foleni na bakuli lake. Ambaye kwao hawajaleta anakwenda kukaa chini ya mkorosho. Msimu wa mabibo ana nafuu, anaokota mawili matatu, anafyonza, koo linamkwaruza, anarudi darasani. Mwezi wa pili mabibo hakuna. Siku mbili tatu za kukaa pale zinamtosha kuanza kuona haya mbele ya wenzake, na wiki inayofuata anabaki nyumbani. Kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro.

Fanya hesabu. Mwaka wa masomo wa Tanzania una siku 194. Tuseme sahani ya makande, ukijumlisha kuni, chumvi na mpishi, ni shilingi 500. Kila shule ina bei yake, lakini tuishike hiyo. Mtoto mmoja anahitaji shilingi 97,000 kwa mwaka ili ale mchana. Karibu mara tano ya ile ada iliyofutwa. Tulisherehekea kuondoka kwa shilingi 20,000, na ilikuwa haki kusherehekea, kwa sababu iliwafukuza wengi. Gharama kubwa zaidi ilikuwa imekaa pembeni muda wote, na haikuwahi kuitwa ada.

Gharama nyingine ni ya mahali pa kulala. Shule za kata zilijengwa ili kila kata iwe na yake, ila kata zetu ni pana na vijiji vimetawanyika. Anayetoka kijiji cha mbali anapanga chumba karibu na shule, geto kama wanavyoliita wenyewe, wawili watatu chumba kimoja, bila mtu mzima. Mvulana anajipikia ugali na dagaa, anaishi. Msichana wa miaka kumi na minne kwenye chumba cha kupanga, mwisho wa mwezi mahindi yameisha na bodaboda anajitolea kumpa lifti na chipsi, hilo halihitaji mtaalamu kulieleza. Serikali iliruhusu waliojifungua warudi shuleni tangu Novemba 2021, na ni hatua kubwa, lakini kurudi si sawa na kutokutoka. Kitanda kwenye hosteli ya shule yenye matroni kingefanya kazi ambayo waraka hauwezi kuifanya.

Chakula na kitanda, basi. Hapo ndipo fedha ya mbio ingekwenda kama ningeulizwa, na sare za kidato cha kwanza zifuate.

Kamati hupenda madawati, na sababu inaeleweka. Dawati linahesabika, linabandikwa nembo ya mfadhili, mgeni rasmi analikalia, kamera zinapiga. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipojaza madarasa, nchi nzima ilichangishwa madawati, wakuu wa mikoa wakapewa tarehe ya mwisho. Madawati yalipatikana. Madarasa nayo yamekuwa yakijengwa: fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, zile trilioni 1.3, zilijenga madarasa 15,000 nchini. Serikali ikiamua inaweza kujenga kwa wingi ambao mbio za hisani haziwezi hata kuusogelea. Mbio za mkoa mmoja kushindana na Hazina kwenye matofali ni kupoteza nguvu. Mahali ambapo Hazina imesema wazi kwamba ni jukumu la mzazi, na mzazi hana, pale ndipo penye pengo.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani halijafikiriwa vya kutosha. Mbio nyingi kubwa za hisani tulizozoea nchini zimechangia matibabu. Za mabenki zimesaidia upasuaji wa moyo wa watoto na matibabu ya akina mama wenye fistula, na zimefanya vizuri sana. Lakini angalia aina ya hitaji lenyewe. Mtoto anahitaji upasuaji, fedha inapatikana, anapasuliwa, anapona, anarudi kwao. Mchango wa siku moja unakutana na gharama inayolipwa mara moja. Mtoto wa shule ni habari nyingine. Anakula leo, kesho ana njaa tena. Kidato cha kwanza mpaka cha nne ni miaka minne, na kila mwaka una siku zake 194. Ukimlisha mwaka mmoja ukamwacha kidato cha pili, hujamsomesha nusu, kwa sababu cheti cha nusu hakipo. Tumechukua utaratibu uliofaa hospitali tukaupeleka shuleni bila kuugeuza.

Kuugeuza maana yake ni kuanza na namna fedha inavyoingia. Chukua mbio za kufikirika. Wakimbiaji 800, kiingilio 25,000, jumla milioni 20. Watu wakisikia milioni 20 wanapiga makofi. Fulana kwa kila mmoja, tuseme 10,000: milioni 8 zimekwenda. Medali za 5,000: milioni 4. Namba za kifuani na vifaa vya kupima muda, milioni 2. Zawadi za washindi, milioni 3. Maji, maturubai, spika, gari la wagonjwa, ulinzi, milioni 3. Jumlisha. Hakuna kilichobaki, na sijaweka posho za kamati, ambazo mara nyingi hazionekani kwenye karatasi ya kwanza. Bei hizi ni zangu za kukadiria, kila mwandaaji aweke za kwake, lakini nitashangaa sana akinionyesha kwamba kiingilio ndicho kinachosomesha watoto. Kinachosomesha, kama kipo, ni cha mfadhili aliyeandika hundi. Wakimbiaji 800 wamejinunulia fulana.

Najua jibu lake: mfadhili ameandika hundi kwa sababu ya hizo fulana, nembo yake imetembea mjini kifuani kwa watu 800. Kweli. Basi mfadhili achapishe fulana zake kwa bajeti yake ya matangazo, azigawe bure akipenda, na mchango wa watoto uwe hundi tofauti. Akisema hana hundi ya pili tutakuwa tumejua kitu.

Wengine watasema mbio zinajaza nyumba za wageni, zinawapa bodaboda na mama lishe siku nzuri, zinautangaza mji. Sina ugomvi na hilo. Mbio za kutangaza utalii wa Mikindani na Msangamkuu zifanyike, na ziitwe hivyo. Mtoto asitumiwe kama tiketi ya kuingilia.

London wameshughulika na swali hili tangu zamani. Mbio zao zilianza 1981, na mwaka 2024 wakimbiaji walikusanya pauni milioni 73.5 kwa ajili ya hisani. Fedha hiyo haitoki kwenye kiingilio. Shirika la hisani hununua nafasi kadhaa kwenye mbio, kisha humpa nafasi mtu anayeahidi kwamba atachangisha kiasi fulani kutoka kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake. Mkimbiaji ndiye mchangishaji, na kilomita 42 ni sababu tu ya kumsumbua shemeji yake. Kabla yao kulikuwa na Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani. Mwaka 1980 alikimbia siku 143 kwa mguu wa bandia, kilomita 5,373, akitaka kila Mkanada atoe dola moja. Saratani ilimsimamisha njiani, lakini kufikia Februari 1981 zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola milioni 24, karibu sawa na idadi ya watu wa nchi yake. Aliyekimbia alikuwa mmoja.

Je, hilo linawezekana Mtwara? Nadhani linawezekana kuliko la sasa. Kiingilio kiwe 5,000, kitoshe maji, namba za karatasi na gari la wagonjwa. Kibali cha Riadha Tanzania na polisi wa barabarani ni lazima, hapo hakuna kubana matumizi. Kila mkimbiaji apewe fomu ya ahadi yenye mistari kumi. Watu kumi, shilingi 2,000 kila mmoja. Wakimbiaji 500 wakijaza fomu zao ni milioni 10, na hakuna fulana iliyokatwa humo.

Nililijaribu wazo hili pale soko la samaki Feri kwa mama mmoja ninayenunua kwake changu. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

“Kaka, hizo kilomita kumi unazimaliza na hilo tumbo?”

“Namaliza, mama. Mpaka Mikindani.”

“Haya, ukifika Mikindani njoo uchukue elfu mbili yako. Ukipanda bajaji nitajua, wanangu wako barabarani.”

Mama huyu hajawahi kwenda kwenye mbio za hisani wala hatakwenda, asubuhi hiyo yuko na samaki wake. Shilingi 25,000 hana za kuchezea. Lakini 2,000 anatoa, anatoa kwa mtu anayemjua, na amejiteulia wakaguzi wake bila kuombwa. Utaratibu wa sasa unamwacha nje kabisa, wakati watu wa aina yake ndio wengi. Anayedhani watu wa Kusini ni wagumu kutoa hajahudhuria siku ya kuwatoa wali. Kwenye unyago watu wanatuza hadharani, ngoma ikilia, noti zinabandikwa kwenye paji la uso, shangazi hataki kupitwa na shangazi mwenzake. Wanatoa kwa sababu ni mtoto wao na kila mtu anaona.

Wanachokikataa ni mchango wenye karatasi ya mtendaji. Michango ya maabara za shule za kata bado haijasahaulika. Iliitwa hiari, na asiyetoa alifuatwa nyumbani. Kwa hiyo fomu za ahadi zisipite kwa mtendaji wa kijiji, zisipite kwa mwalimu mkuu, na kwa hali yoyote zisigeuzwe makato ya korosho. Najua kishawishi hicho kipo. Kilo zinapita ghalani, mfumo wa kukata upo, mtu anaona shilingi 10 kwa kilo mkulima hataihisi. Mkulima anaihisi. Karatasi yake ya malipo tayari ina ushuru na makato ya ushirika, na ukiongeza mstari hata kwa jambo jema, umemnyima raha ya kutoa.

Korosho inaingia kwenye hesabu kwa njia nyingine, nayo ni tarehe. Minada huanza Oktoba, na malipo huendelea kuingia kwenye akaunti za wakulima mpaka karibu na mwaka mpya. Ndipo watu wana fedha, na ndipo zinapoondoka: bati, pikipiki, kitenge, madeni ya duka, jando na unyago za likizo ya Desemba. Shule zinafunguliwa Januari. Kidato cha kwanza anatakiwa afike na sare, viatu, begi, madaftari, na kwa wa bweni godoro, wakati ambapo kwao pengine imebaki shukrani tu. Mbio za kusomesha watoto Mtwara zina wiki chache za maana kwa mwaka, na kwa maoni yangu ni katikati ya Novemba. Fedha zipo mikononi, mvua kubwa bado, na matokeo ya darasa la saba aghalabu yameshatoka au yako mlangoni. Joto la Novemba si la mchezo, kwa hiyo watu waondoke saa kumi na mbili asubuhi, na saa tatu barabara ya Mikindani iwe imerudishiwa daladala. Mbio za Julai zina hali ya hewa tamu na zinamfaa mgeni anayetoka Dar es Salaam. Julai ya mkulima ni mwezi wa kusafisha shamba kwa fedha ya kukopa.

Tarehe hiyo ina hatari yake. Msimu wa 2018/19 serikali iliingia kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo ya wengi yakachelewa, na mji mzima ulikauka. Duka halikuuza, fundi hakuitwa. Mbio za Novemba ile zingekusanya ahadi tu. Shughuli inayotegemea korosho iwe na akiba ya mwaka mbaya, na nitalirudia hili.

Kuhusu mahali, sioni kwa nini lazima iwe mbio moja, mjini, kutoka Nangwanda Sijaona kwenda na kurudi. Uwanja ule umezoea mambo makubwa, Mwenge wa Uhuru wa 2023 uliwashwa pale. Lakini fomu ya ahadi inafanya kazi pale mkimbiaji anapofahamika. Nanyumbu, Masasi, Newala, Tandahimba, kila mahali wanaweza kukimbia asubuhi ile ile kwenye barabara yao, kilomita tano, kwa mwendo wa mchakamchaka na nyimbo. Mchakamchaka hakuna asiyeujua, tumeukimbia wote tangu shule ya msingi bila viatu na bila vifaa vya kupima muda. Mtwara mjini wakitaka kilomita 21 na washindi wenye zawadi, wawe nazo. Fedha ya Newala ibaki Newala, kwa watoto ambao waliotoa wanaweza kuwaona wakienda shule.

Hilo linaleta suala la nani anasaidiwa, na hapa ndipo kamati nyingi huharibu. Orodha ya kaya maskini ipo, TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya hizo, wanayo kijiji kwa kijiji, pamoja na manung'uniko yake yote kuhusu nani aliingizwa na nani aliachwa. Ianziwe hapo. Mwalimu wa darasa aongeze majina ya anaowaona chini ya mkorosho, maana yeye anawajua kuliko mwenyekiti wa kitongoji. Lakini tukimlisha mtoto mmoja mmoja kwa jina tutatengeneza foleni mpya, ya “watoto wa mbio”, na aibu itahamia huko. Njia yenye staha ni fedha kuingia jikoni: shule inapokea magunia ya kuziba pengo la ambao hawajachanga, daftari la mwalimu wa zamu linafungwa wakati wa chakula, kila mwenye bakuli anapakuliwa. Kuna mzazi mwenye uwezo atakayetega, akijua mwanawe atakula tu. Atakuwepo, na kamati ya shule inamjua, imfuate yeye nyumbani. Asiadhibiwe mtoto.

Na ule mtindo wa kuwapandisha watoto jukwaani wakiwa na sare mpya, wameshikilia mfano wa hundi mkubwa kuliko wao, huku mshereheshaji akisema kwenye spika kwamba huyu ni yatima na huyu mama yake hajiwezi, ukome. Mtoto wa miaka kumi na mitatu ana akili zake. Atasoma na waliokuwa wamekaa pale uwanjani. Ukimuuliza mwandaaji atasema wafadhili wanataka kuona. Wafadhili waonyeshwe risiti za mahindi.

Risiti ndizo zitakazoamua kama kutakuwa na mbio za pili. Yule mama wa Feri ametoa 2,000. Hatasoma taarifa ya ukaguzi, lakini karatasi moja ikibandikwa sokoni, kwenye ofisi ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na kwenye ubao wa shule, ikisema zimeingia kiasi gani, maji yamekula kiasi gani, magunia mangapi yamenunuliwa na yamepelekwa shule ipi, ataisoma au atasomewa. Iandikwe pia posho ya kamati, hata kama ni ya nauli tu. Watu wazima hawakasirishwi na nauli. Wanakasirishwa na kimya, na Mtwara ina kumbukumbu ndefu ya fedha zilizotajwa jukwaani zisionekane tena.

Sasa turudi kwenye zile milioni 10. Kwa 97,000 kwa mwaka, zinawalisha watoto 103, na nina hakika namba itakayochapwa kwenye bango ni hiyo, pengine ikizungushwa ikawa “zaidi ya 100”. Lakini kidato cha kwanza anayeanza Januari yuko nasi mpaka mtihani wa kidato cha nne. Miaka minne ni shilingi 388,000 kwa mtoto mmoja, na hapo nimejifanya bei ya maharage haipandi. Kwa hiyo kamati iliyokusanya milioni 10 iwachukue watoto 25, iweke fedha ya miaka mitatu inayobaki kwenye akaunti ya muda maalumu, iwe ndiyo akiba ya mwaka wa korosho mbaya, na mwakani ikikimbia tena iwachukue 25 wengine. Mgeni rasmi atauliza kwa nini ni wachache. Aelezwe hapo hapo, kwenye spika, hesabu ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, na kama anataka wafike 103, fomu za ahadi bado zipo na mistari yake kumi iko wazi.